SOMO LETU: KAZI INAYOFUATANA NA SAA ZAKE



Twajua sote kwamba karafuu iliyochumwa vizuri yaweza kuharibika kabla ya kufika sokoni. Mara nyingi kosa si la mchumaji wala la jua, bali ni la mpango. Basi leo tutazame wenzetu wa bara, wakulima wa chai wa Mufindi katika Mkoa wa Iringa na wa Rungwe katika Mkoa wa Mbeya, maana kazi yao haisamehe kuchelewa.

Majani ya chai yakisha kuchumwa hutandazwa yanyauke kwa muda wa saa 12 hata 18. Kisha husagwa, huachwa hewani kwa saa moja au mbili mpaka rangi ya kijani igeuke kuwa ya shaba, halafu hutiwa katika tanuri yakauke. Angalieni tofauti: kunyauka kuna nafasi ya saa kadhaa, lakini chai iliyokwisha kugeuka shaba haingoji. Tanuri likiwa limejaa, chai hupoteza ukali wake na bei yake.

Tuseme tanuri hukausha kilo 500 kwa saa, na mashine husaga kilo 1,000. Mashine ikiachwa iende kwa nguvu zake zote, nusu ya chai itangoja na kuharibika. Kwa hiyo mashine hupunguzwa mwendo ifuate tanuri.

Na saa huhesabiwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tanuri likianza saa 12 asubuhi, na chai yataka saa moja na nusu hewani, kusaga kuanze saa 10 na nusu alfajiri. Majani yakitaka saa 14 kunyauka, yawe yametandazwa saa 8 na nusu mchana wa jana yake. Hapo ndipo msimamizi ajuapo saa ya kuwapeleka wachumaji shambani.

Sasa turudi kwetu. Tanuri letu ni sakafu na majamvi. Tuseme sakafu yako yaenea pishi 200 za karafuu mbichi, na jua lataka siku 5. Gawa 200 kwa 5: usichume zaidi ya pishi 40 kwa siku. Ukichuma 60, pishi 20 zitalala chunguni kila siku, zipate moto, na zikikauka zitoke nyeupe-nyeupe na kusinyaa. Umelipa wachumaji ili upate hasara.

Tena pishi 40 hizo zichambuliwe makonyo siku ile ile, ili asubuhi zianikwe. Wachambuzi wakiweza 30 tu, basi chuma 30, au ongeza watu.

Kama lazima pawe na kungoja, karafuu ingoje mtini, ambako yaweza kukaa siku chache kabla ya kufunguka, wala isingoje chunguni.

Zoezi: mvua ikifanya ukaushaji uchukue siku 8, sakafu ile ile yataka pishi ngapi kwa siku? Pigeni hesabu kabla ya kuita wachumaji.