Homa ya Mafua Imefika Wapi Wiki Hii? Kijitabu cha Kaya za Waswahili Jimboni Iowa

Kwa aliyekulia Bukavu, Kigoma au Bujumbura, mafua hayana mwezi wake. Karibu na ikweta kirusi huzunguka mwaka mzima: huyu anakohoa Machi, yule Julai, na hakuna anayetazama kalenda. Iowa mambo ni mengine. Huku homa ya mafua ina msimu. Huanza kuchomoza Oktoba, mara nyingi hufika kileleni kati ya Desemba na Februari, kisha hupungua mpaka Mei. Kwa kuwa ina msimu, inafuatilika, na serikali ya jimbo hutoa ripoti yake kila wiki. Kaya inayojua kuisoma ripoti hiyo hujua mapema lini kumchanja mtoto, lini kumwepusha bibi na mikusanyiko, na lini kikohozi cha ndani ya nyumba si cha kupuuzwa.

Si mafua ya kawaida

Mafua ya kawaida huja taratibu: pua, chafya, koo kuwasha, na mtu kazini anakwenda. Homa ya mafua huangusha. Asubuhi mtu ni mzima wa afya, jioni yuko chini ya blanketi, anatetemeka, viungo vinauma, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu. Dalili huanza kama siku 2 baada ya kuambukizwa, na mgonjwa huweza kuwaambukiza wenzake tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya.

Aliyetoka Kongo au Burundi akishikwa na homa ya namna hiyo, akili hukimbilia malaria. Kama umesafiri kwenda nyumbani miezi ya karibuni, mwambie daktari mara moja ili akupime malaria. Kama hujasafiri, na ni Januari, theluji imejaa uani, usimeze vidonge vya malaria vilivyobaki kwenye begi.

Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Kazi yote ya ufuatiliaji ipo kwa ajili ya wasiopona. CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, inakadiria kuwa tangu 2010 homa ya mafua imekuwa ikiua kati ya watu 6,300 na 52,000 kwa mwaka Marekani nzima. Msimu wa 2024–25 uliua watoto 280, idadi kubwa kuliko msimu wowote tangu vifo vya watoto vianze kuripotiwa kitaifa mwaka 2004, ukiacha janga la 2009. Kati ya waliokuwa na umri wa kuchanjwa na ambao taarifa zao za chanjo zilijulikana, karibu 9 katika kila 10 hawakuwa wamekamilisha chanjo ya msimu huo.

Namba zinatoka wapi

Hakuna anayehesabu kila mgonjwa wa Iowa. Wengi hawaendi hospitali kabisa, na wanaokwenda si wote wanaopimwa. Mpishi hamalizi sufuria ili ajue kama chumvi imekolea. Huonja kijiko kimoja. Idara ya Afya na Huduma za Jamii ya Iowa nayo huonja sehemu kadhaa kwa wakati mmoja.

Kwanza ni kliniki zilizojiunga na mpango wa ufuatiliaji. Kila wiki hutuma idadi ya wagonjwa wote walioonwa, na kati yao wangapi walikuwa na homa ya nyuzi 100 za Farenhaiti (37.8 za Selsiasi) au zaidi pamoja na kikohozi au koo kuuma. Idadi hiyo hugawanywa kwa umri, basi. Fomu hiyo haina jina lako, haina anwani, haina hati zako za uhamiaji. Nalisema hili waziwazi kwa sababu hofu hiyo ipo katika nyumba zetu, na huwafanya watu wakae na mgonjwa ndani mpaka usiku wa manane ndipo wapige simu.

Pili ni maabara. Maabara ya afya ya jimbo, State Hygienic Laboratory, iko Coralville chini ya Chuo Kikuu cha Iowa na imekuwapo tangu 1904. Muuguzi huingiza kijiti laini puani, hukizungusha kidogo (hakiumi, ila machozi hutoka), kisha hukitumbukiza kwenye kichupa chenye maji ya kutunzia virusi. Kichupa hufungwa kwenye mfuko usiovuja wenye kitu cha kufyonza endapo kitapasuka, halafu huwekwa kwenye boksi gumu lenye pakiti za barafu. Coralville hukipima kwa PCR, kipimo kinachotambua vinasaba vya kirusi. Jibu lake si “ndiyo” au “hapana” tu, bali pia aina: A(H1N1), A(H3N2), au B ya ukoo wa Victoria. Ukoo mwingine wa B, uitwao Yamagata, haujathibitishwa kuonekana popote duniani tangu Machi 2020, ndiyo maana chanjo za Marekani kuanzia msimu wa 2024–25 zina aina 3 badala ya 4. Aina ina maana kwa familia. Misimu inayotawaliwa na H3N2 kwa kawaida huwaumiza wazee zaidi.

Hospitali nazo, tangu tarehe 1 Novemba 2024, zinalazimika kuripoti waliolazwa kwa homa ya mafua, UVIKO na RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa. Nyumba za kulelea wazee, ambako dada na mama zetu wengi wanafanya kazi ya uuguzi msaidizi, hutoa taarifa ugonjwa unapolipuka ndani.

Halafu kuna shule. Shule za Iowa huombwa kutoa taarifa watoto wasiofika kwa sababu ya ugonjwa wanapofikia asilimia 10 ya wanafunzi. Fikiria asubuhi ya Jumatatu saa moja na nusu: karani wa ofisi ya shule anapokea simu moja baada ya nyingine. Mzazi mmoja anasema, “Leo haji,” anakata. Mwingine anasema, “Mtoto ana homa tangu jana, anakohoa.” Simu ya pili inahesabika kama ugonjwa, ile ya kwanza inaweza kuandikwa utoro tu. Kwa hiyo, mzazi, ukipiga simu taja dalili. Kiingereza cha kutosha ni maneno mawili, “fever, cough”, na kama shule ina mkalimani, omba akupigie. Namba inayokuja kutangazwa jimbo zima huanzia kwenye simu kama hiyo.

Kuisoma ripoti bila kudanganyika

Wiki ya watu wa takwimu huanza Jumapili na kuisha Jumamosi, na hupewa namba. Msimu huhesabiwa kuanzia wiki ya 40, mwanzoni mwa Oktoba, hadi wiki ya 20, katikati ya Mei. Ripoti hutoka siku kadhaa baada ya wiki kufungwa, na waliomo waliambukizwa siku kadhaa kabla ya kwenda kliniki. Ukiona mstari umeanza kupanda, ujue mtaani umekwisha kupanda.

Utakutana na asilimia za namna mbili, na wengi huzichanganya. Moja ni sehemu ya wagonjwa wa kliniki waliokuja na homa na kikohozi. Nyingine ni sehemu ya vipimo vya maabara vilivyokutwa na kirusi cha homa ya mafua. Ya kwanza ikipanda peke yake, huenda ni UVIKO, RSV au virusi vingine vya njia ya hewa, kwa sababu dalili zinafanana. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, homa ya mafua imeingia. Mimi huanza na ya maabara.

Jihadhari na wiki za Krismasi na Mwaka Mpya. Wakati huo watu huahirisha miadi ya kawaida: kisukari, presha, uzazi. Kliniki hubaki na wagonjwa wa dharura na wenye homa, hivyo asilimia ya wenye homa hupaa hata kama wagonjwa wenyewe hawajaongezeka sana. Januari ikifika na miadi kurudi, mstari hushuka ghafla na watu hupumua mapema mno. Subiri wiki mbili kabla hujaamini.

Ramani ya CDC inayopaka kila jimbo rangi nayo ina mtego. Rangi ya Iowa hupatikana kwa kulinganisha Iowa na Iowa yenyewe katika wiki zisizo na mafua. Kwa hiyo Iowa kuwa nyekundu na Nebraska ya kijani hakumaanishi kwamba jirani ana wagonjwa wachache kuliko sisi. Tena Iowa ina kaunti 99, na kliniki zinazoripoti hazikusambaa sawasawa, hivyo mji mmoja wenye wagonjwa wengi unaweza kubadilisha rangi ya jimbo zima. Aliye Waterloo atazame pia anayosikia shuleni na kazini Waterloo. Na namba za wiki mbili za mwisho ni za kuandikwa kwa penseli, maana vituo vilivyochelewa huongeza zao baadaye. Kilele hakitambuliki siku kinapofika, hujulikana kikishapita.

Cha kufanya nyumbani

Ripoti ikiwa bado chini, Septemba na Oktoba, ndio wakati wa chanjo. Kila mwenye umri wa miezi 6 na kuendelea anafaa kuchanjwa kila mwaka. Mwili huhitaji kama wiki 2 kujijengea kinga, kwa hiyo anayesubiri mpaka jirani augue amechelewa, ingawa kuchanjwa Januari bado ni bora kuliko kutochanjwa. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi 2 zilizopishana kwa wiki 4 au zaidi. Hesabu nyuma: akianza Desemba, anamaliza Januari, katikati ya kilele. Mama mjamzito naye achanjwe, kwani chanjo humkinga yeye pamoja na mtoto wa tumboni, ambaye akizaliwa hataweza kuchanjwa kwa miezi 6. Babu na bibi wa miaka 65 na zaidi waombe chanjo iliyoongezwa nguvu kwa ajili ya wazee. Mtoto asiye na bima huweza kupata chanjo bila malipo ya dawa kupitia mpango wa taifa wa Vaccines for Children. Piga 211, namba ya simu ya huduma za jamii, uulize kliniki iliyo karibu.

Mstari ukianza kupanda, nunua kipimajoto kabla hakijaisha dukani. Vingi hapa husoma Farenhaiti, na mama aliyezoea 38 hushtuka kuona 101. Kumbuka 100.4 ni sawa na 38. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika hapo, mpigie daktari saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Akiugua mtu, apumzike, anywe uji na supu, alale chumba chake kama kipo. Asirudi kazini wala shuleni mpaka homa iwe imetoka saa 24 bila dawa ya kuishusha. Najua sehemu hii ni ngumu. Sheria ya Iowa haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa siku za ugonjwa, na kuna viwanda ambako kukosa zamu ni pointi ya adhabu. Uliza utaratibu wa kazini kwako Oktoba, ukiwa mzima, na dai barua ya daktari siku ya kwanza ya kuugua.

Asali ni nzuri kwa kikohozi, ila si kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Aspirini usimpe mtoto wala kijana mwenye homa ya mafua, kwa sababu huweza kuleta ugonjwa hatari wa ubongo na ini. Antibiotiki haziui kirusi. Dawa inayofaa ni kama oseltamivir, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili. Kwa hiyo mjamzito, mzee, mtoto wa chini ya miaka 5, au mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo asisubiri kuona kama itapita. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Usimfanye binti wa miaka 10 awe mkalimani wa ugonjwa wa mama yake.

Piga 911 mgonjwa akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, midomo ikigeuka bluu, akipata degedege, akichanganyikiwa, asipoamka vizuri, au kifua kikimbana. Mtoto akipitisha saa 8 bila mkojo, huyo ni wa dharura. Na aliyepata nafuu kisha homa na kikohozi vikarudi vikali zaidi, mpeleke, kwani huenda ni nimonia.

Baada ya kilele

Mara nyingi msimu una mkia. Aina ya A hupungua Februari, kisha aina ya B huinuka Machi au Aprili, hasa kwa watoto wa shule. Usitupe kipimajoto.

Na majira ya joto maabara ya Coralville haifungi. Iowa inafuga nguruwe kuliko jimbo lolote Marekani, na nguruwe wana mafua yao ambayo mara mojamoja humrukia binadamu. Novemba 2011 sampuli za watoto 3 wa Iowa zilikutwa na H3N2 ya asili ya nguruwe, na hakuna aliyejulikana kuwa karibu na nguruwe. Yaelekea waliambukizana wenyewe kwa wenyewe. Bila kijiti puani wangeandikwa wagonjwa wa mafua tu. Basi ukifanya kazi zizini au machinjioni, au ukiwapeleka watoto kwenye maonyesho ya mifugo Agosti, nanyi mkapata homa na kikohozi ndani ya siku 10 hivi, mwambie muuguzi mlikuwa karibu na nguruwe kabla hajauliza jambo lingine.