Kukiri peke yake si ushahidi

Leo tujifunze kutoka katika The Central Park Five, filamu ya mambo ya kweli iliyotoka Marekani mwaka 2012.

Usiku wa tarehe 19 Aprili 1989, mwanamke mzungu alibakwa na kupigwa nusura afe katika bustani ya Central Park, New York. Polisi waliwakamata vijana watano wa miaka 14 hadi 16, wanne weusi na mmoja Mlatino. Walihojiwa saa nyingi, na kwa hofu na uchovu wanne wakakiri mbele ya kamera. Maelezo yao yalipingana, na vipimo vya DNA havikumgusa hata mmoja. Lakini magazeti yalikwisha kuwaita kundi la mbwamwitu. Mwaka 1990 wote walitiwa hatiani.

Mwaka 2002 mfungwa mwingine alikiri, na DNA ikawa yake. Hukumu zikafutwa, baada ya vijana hao kukaa kifungoni miaka 6 hadi 13.

Nasi kambini, kitu kikiibwa, mara nyingi tunataja kabila kabla ya kuuliza nani aliona.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mtu hukiri asilolitenda?
2. Je, tumewahi kumhukumu jirani kwa asili yake? Tutamrudishiaje heshima yake?