Namna ya Kupanga Safari: Kutoka Temeke Mpaka Kilwa

Watu wengi hudhani kwamba safari huanza pale gari linapoondoka. La, safari huanza mezani, kwa kalamu na karatasi. Muhula huu mwalimu wetu wa Jiografia alitupa kazi sisi wa Kidato cha Nne: tupange safari ya siku nne katika likizo ya mwezi wa Juni, kwa sharti kwamba kila mmoja wa wanafunzi arobaini wa darasa letu aweze kwenda. Nimeombwa niandike tuliyojifunza ili madarasa ya nyuma yetu yafaidike.

Kwanza ni kuchagua mahali. Wengi walitaka Serengeti. Hapana ubaya kuitamani, lakini kutoka Dar es Salaam huko ni zaidi ya siku nzima garini, na kurudi ni vivyo hivyo. Tena mchango ungekuwa mkubwa, na wenzetu kadhaa wangebaki bwenini wakitutazama tukiondoka. Basi tukaifungua ramani, tukatafuta njia iliyo karibu nasi. Barabara ya Kilwa yapita hapa hapa Temeke na Mbagala, na ukiifuata kusini kwa kilomita kama 300 wafika Kilwa Masoko. Jina lake twalitaja kila siku tupandapo daladala, lakini wengi wetu hatujapata kuvuka Kongowe.

Pili ni majira. Masika hunyesha tangu Machi mpaka Mei, na njia ya kusini ina mito mingi. Zamani wasafiri waliuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mto ukifurika walikaa ng'ambo wakingoja. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Hata hivyo mvua bado ina nguvu. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, maji yaliikata barabara hiyo upande wa Kilwa, na magari mengi yakakwama. Kwa hiyo Juni yafaa kuliko Aprili.

Tatu ni bahari. Kutoka Masoko huvuka mkono wa bahari kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani. Songo Mnara ni mbali zaidi, na ufuko wake umezungukwa na mikoko. Maji yakipwa, mashua haifiki nchi kavu, na abiria hutembea katika tope. Maji kujaa huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Basi saa ya leo siyo saa ya kesho, na hapana budi kuitazama jedwali ya maji kabla ya kupatana na nahodha. Tena Juni ni wakati wa kusi. Tumepanga kuvuka asubuhi, kabla upepo haujashika, na kila mmoja avae jaketi la kujiokoa.

Nne ni chakula. Mtu mmoja hula robo kilo ya mchele kwa mlo mmoja. Watu arobaini ni kilo 10. Tumeona heri kuchukua sufuria zetu na kupika wenyewe. Mchele twaweza kununua Rufiji, ambako hulimwa kwa wingi. Samaki, nazi na mihogo tutapata Kilwa. Mwenye hamu ya embe mbivu au korosho mpya ajue kwamba Juni siyo msimu wake. Kila mmoja achukue chandarua, na maji ya kunywa yachemshwe.

Tano ni kujua utakachokiona. Asiyesoma kabla ataona mawe tu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyopita kutoka Sofala, lakini kulikuwa na sababu nyingine inayotuhusu sisi wapangaji. Vyombo kutoka Arabuni vilisukumwa na kaskazi mpaka Kilwa, na viliweza kurudi kwa kusi ya mwaka ule ule. Aliyekwenda mbali zaidi alihatarisha kukosa upepo wa kurudia. Basi wafanyabiashara wale walihesabu siku zao kama sisi tuhesabuvyo. Wareno waliuteka mji mwaka 1505. Njiani tutasimama Kilwa Kivinje, ambako Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga.

Mwisho ni fedha. Gharama zetu ni za namna mbili. Kodi ya basi na mashua haibadiliki. Wakienda ishirini, kila mmoja hulipa mara mbili ya watakavyolipa arobaini. Chakula huongezeka kwa kadiri ya watu. Kwa hiyo mtu mmoja akiachwa, wanaobaki hulipa zaidi. Tuliyaona hayo kwa hesabu, na waliokuwa wakisema "asiye nacho abaki" wakanyamaza. Tumekubaliana kuchanga kidogo kidogo tangu Februari, na wenye upungufu watafanya kazi katika bustani ya shule. Mboga zitauzwa, na fedha zitaingia katika mfuko wa darasa.

Wazazi wetu, barua yenye hesabu yote itawafikia kwa mkono wa mwanafunzi. Tafadhali isomeni, na palipo na kosa tuonyesheni. Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha tutatawanyika. Twataka kabla ya siku hiyo tuwe tumesafiri pamoja mara moja, wote arobaini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne