Somo: Kikundi Kikidaiwa, Nani Atalipa?



Wengi wenu mkishapata cheti mnakitia kwenye fremu na kukitundika ukutani. Ni vizuri. Lakini je, ni cheti cha namna gani? Leo tuangalie swali moja: deni likija, mwenye deni ni nani?

Tuseme watu 12 hapa Fedha, Nairobi, wameanza kukodisha tenti na viti. Kazi iko, maana Eastlands hakuna Jumamosi isiyo na harusi au mchango wa matanga. Wamechukua tenti za shilingi 300,000 kwa mkopo, halafu upepo ukazirarua.

Ikiwa wanafanya biashara pamoja na kugawana faida, bila kusajili kampuni wala chama cha ushirika, sheria yaweza kuwaona kuwa wabia, hata kama hawakuandikiana chochote. Katika ubia wa kawaida hakuna ukuta kati ya pesa za biashara na mali ya nyumbani. Msidhani kila mmoja atatoa 25,000 zake aende zake. Mdai anaweza kumshika yule mwenye pikipiki au ng'ombe, amdai zote 300,000, naye ndiye ahangaike kuwatafuta wenzake 11. Kusajili jina la biashara hakubadilishi jambo hili. Jina ni jina tu.

Kampuni ni kitu kingine. Kisheria ni mtu kamili, ingawa hali ugali. Inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Jambo hili lilithibitishwa Uingereza mwaka 1896, katika kesi ya mtengeneza viatu aliyeitwa Salomon. Aliiuzia kampuni biashara yake. Wenye hisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Kampuni ilipoanguka, walitaka Salomon alipe madeni yake. Mahakama ya juu ikakataa: kampuni ni mtu mmoja, Salomon ni mwingine. Kenya tunafuata msingi huo huo. Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015, hata mtu mmoja peke yake anaweza kufungua kampuni.

Basi tukimbilie wote kampuni? Ngojeni kwanza. Kampuni ina kazi zake: ritani kila mwaka, kodi, vitabu vya hesabu, na wakurugenzi ambao wakitumia kampuni kuwalaghai watu, sheria inaweza kuwafikia wao wenyewe. Tena benki si wajinga. Mara nyingi zinamwambia mkurugenzi aweke sahihi kama mdhamini wa mkopo. Akishaweka, ule ukuta ameuvunja kwa kalamu yake, na shamba linaweza kwenda mnadani. Hapa ndipo wengi wananaswa, kwa sababu karatasi ya udhamini huwa katikati ya zile nyingine na mtu anaulizwa tu, “Saini hapa na hapa.”

Kwa wafugaji na wakulima, ushirika mara nyingi unafaa zaidi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ilitaka watu wasiopungua 10, na chama kikisajiliwa kinakuwa mtu wa kisheria, kama kampuni.

Na vikundi vyetu vya kujisaidia? Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ilipitishwa 2022, nayo inataka kikundi kiwe na katiba. Cheti hicho ni muhimu, lakini si cheti cha kampuni. Msikitumie kama kwamba ni kimoja. Kabla ya kukopa au kukodi nyumba, someni mkataba: anayeahidi kulipa ni kikundi, au ni mama mwenyekiti kwa jina lake?

Kazi ya mkutano ujao: Katibu alete cheti, katiba, na kila mkataba wenye sahihi. Usomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanaelewa. Kisha mjadili:

Mali yetu imeandikwa kwa jina la nani?

Huyo akifariki, tutaionyesha familia yake karatasi gani?

Nani kati yetu amemdhamini mwenzake, na je, mume au mke wake anajua?