Kwa Nini Bei za Hisa Hushuka

Mtu aliyezoea soko la mifugo la Isiolo hahitaji kufundishwa kwamba mvua ikikosekana bei hushuka. Malisho yakikauka, kila mfugaji ataka kuuza kabla mnyama hajafa, na wanunuzi, wakiijua haraka yake, hutoa fedha kidogo. Siku hiyo bei haionyeshi kukonda kwa mnyama tu. Yaonyesha pia hofu ya mwenye kuuza.

Soko la hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, lina desturi iyo hiyo. Hisa ni sehemu ya kampuni, na aliye nayo ni mmoja wa wenye kampuni hiyo. Bei yake hupatikana kwa mapatano ya wauzao na wanunuao, kwa njia ya madalali. Biashara zikilegea nchini, watu hutazamia kwamba faida za kampuni zitapungua. Basi wengine huuza mapema, bei hushuka, na wale waionao ikishuka huingiwa na hofu, nao wakauza.

Hayo yalitokea mwaka 2008. Serikali ya Kenya iliwauzia wananchi hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na wengine walikopa benki ili wazipate. Zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni, bei ilipanda kupita shilingi 7. Lakini uchumi ulikuwa umedhoofishwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mwezi wa Septemba benki ya Lehman Brothers ilifilisika huko Marekani. Wenye fedha, wageni kwa wenyeji, wakashikwa na hofu. Mapema mwaka 2009 hisa ile ilikuwa chini ya shilingi 4. Kipimo cha bei za hisa za kampuni 20 za soko hilo, kilichokuwa zaidi ya 5,000 mwezi wa Juni, kilishuka chini ya 3,000.

Walioumia zaidi ni waliokopa, kwa maana deni halingoji bei ipande. Aliyetumia akiba yake aliweza kusubiri, na mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Hata hivyo kusubiri si dawa ya kila ugonjwa: mapema mwaka 2024 bei ilikuwa imerudi chini ya shilingi 15, na ziko kampuni zilizoanguka zisiinuke tena.

Mfugaji mwenye busara humkagua mnyama mwenyewe, hasikilizi kelele za soko tu. Vivyo hivyo mwenye hisa yampasa kujiuliza: Je, kampuni ingali yapata faida? Madeni yake ni makubwa? Na fedha hizi, nyumbani zitahitajiwa lini? Karo ya watoto haifai kununulia hisa, wala haifai kuuza majike yazaayo kwa ajili hiyo. Akiba isiyo na haraka ndiyo iwezayo kustahimili kiangazi cha soko.