Sungura mwenye mafua yenye inarudia-rudia: tuanze na hewa ya nyumba

Mama mumoja wa koperative, kule kwenye milima ya Kabare, aliniita niangalie sungura wake. Ni sungura muke mweupe. Binti yake njo alimupatia jina, na kila siku kisha masomo anamubeba kama mutoto. Ule sungura alikuwa anapiga chafya. Walimununulia dawa, akapona. Kisha wiki 3 chafya ikarudia. Wakanunua tena, akapona, ikarudia. Mara ya ine mama akaniuliza: «Dawa iko ya uongo, ao sungura njo iko mubaya?»

Sikujibu mbio. Niliomba anionyeshe mahali sungura analala. Akanipeleka mu jikoni. Kisanduku cha mbao kilikuwa chini, hatua mbili tu na mafiga. Kuta zote zilikuwa nyeusi juu ya moshi. Nilipopiga magoti ili nitazame ndani, macho yangu yalianza kutoa machozi mbele hata niguse ule munyama. Mama, mwenye alikuwa amesimama, hakusikia kitu. Sungura yeye haishi kwenye kichwa cha mutu mwenye kusimama. Anaishi kule chini, na pua yake iko karibu sana na mukojo wake.

Wengi wetu tunafuga vile, sungura na dende pamoja mu jikoni, na tuko na sababu. Usiku wezi wanapita. Kwenye milima kuna baridi. Na watu wengi wenye ng'ombe wao walibebwa wakati wa vita walijifunza kwamba munyama mudogo anafichika ndani ya nyumba. Kwa hiyo sitaandika tu «wapeleke inje» kisha nimalize. Kwanza tuelewe mambo yenye kutendeka ndani ya pua.

Sungura anapumua kupitia pua. Kama unamuona anafungua kinywa ili apate hewa, jua kwamba yuko karibu kufa. Ndani ya pua muko vinywele vidogo sana, vyenye macho hayawezi kuona, vyenye vinafagia uchafu na mikrobe kila wakati. Sasa, sungura wengi wanabeba mu pua mikrobe yenye waganga wa wanyama wanaita pasteurela. Mara nyingi mama anaipatia watoto wakati wangali wanyonya. Sungura anaweza kuibeba muda murefu bila kuonyesha kitu, anakula, anazaa. Lakini moshi, harufu kali ya mukojo na vumbi vinapoharibu vile vinywele, ufagio unasimama na mikrobe inaamuka. Chafya inaanza, kamasi ya maji inakuwa nyeupe ao ya manjano, na kwa sababu sungura anajipangusa na miguu ya mbele, manyoya ya ndani ya ile miguu inashikamana kama yenye kutiwa gundi. Mbele ya kuangalia pua, angalia ile miguu. Pua anaipangusa, lakini miguu haidanganye.

Dawa inapunguza mikrobe. Mara nyingi haiimalize kabisa mu pua. Ukimurudisha mu hewa ileile, wiki chache tu na unarudi kwa farmasi na franka zingine. Dawa ya ule mama haikuwa ya uongo.

Mukojo, moshi na vumbi

Nitakawia kwenye mukojo, kwa sababu huo njo tunausahau zaidi. Mukojo wa sungura ukikaa, unatoa hewa yenye kuchoma yenye inaitwa amoniaki. Kipimo hakina gharama: asubuhi mbele ya kusafisha, piga magoti, weka pua yako pale pua ya sungura iko, hesabu mupaka 20. Kama unasikia inachoma, yeye amelala nayo usiku wote.

Watu wengi wanamwanga majivu ili harufu ipotee. Muache. Majivu inakausha, ni kweli, lakini ikikutana na mukojo inafanya amoniaki itoke kwa wingi zaidi na mbio, na tena majivu yenyewe ni vumbi. Muweke majani makavu marefu chini ya kibanda, muyaondoe kila siku ao kila siku mbili, muyapeleke kwenye komposti. Hasara haiko, shamba linayangojea.

Juu ya javeli, nasema kwa nguvu: usimwange javeli juu ya mukojo. Vile viwili vikichanganyika vinatoa hewa yenye sumu, mbaya kwa sungura na kwa wewe mwenye kusafisha. Toa kwanza wanyama inje. Osha na maji na sabuni mupaka mukojo uishe. Ile rangi nyeupe ngumu yenye inabaki kwenye mbao inalainika na ndimu ao siki; suuza vizuri, kwa sababu ndimu na javeli pia havikutane. Kisha javeli yenye kupunguzwa na maji mengi, suuza tena, acha jua likaushe. Sungura anarudi wakati kibanda kimekauka na harufu imeisha. Kama hauna javeli, maji ya moto, sabuni na jua la siku nzima vinafanya kazi kubwa.

Moshi munaujua. Kuni mbichi njo mubaya zaidi, lakini mbabula ya makala nayo inaharibu hewa hata kama moshi hauonekane. Niliuliza ule mama kama kuna mutu mwingine mwenye kukohoa mu nyumba. Akaonyesha kitinda-mimba wake, mwenye kulala mu jikoni juu ya joto. Pale nilifunga kitabu changu kidogo, tukaongea juu ya mutoto mbele ya sungura. Siku ile ile walimuhamisha, na nilimuomba amupeleke kwenye kituo cha afya.

Vumbi linatoka kwa unga wa mbao wenye watu wanatandika, kwa majani yenye kuota ukungu, na kwa ufagio wa asubuhi. Nyunyiza maji mbele ya kufagia. Kutwanga muhogo pia, fanya mbali na kibanda. Pumba uiloweshe kidogo, kipimo chenye atamaliza kwa mara moja, kwa sababu pumba yenye maji ikilala inachacha. Na wale wenye kupuliza dawa ya mbu ndani ya chumba chenye sungura wamelala: watoe kwanza.

Wapi kumuweka sasa

Tulitafuta na yule mama mahali pa katikati. Kule inje kabisa, hapana, wezi. Mu jikoni, hapana. Tulichagua ukuta wa chumba cha kulala, upande wa inje, chini ya mabati yenye kutokea. Kibanda cha mianzi kinategemea ukuta, kinasimama sentimita 80 juu ya udongo, na chini muko nafasi ya sentimita 1 na nusu kati ya mianzi ili mukojo na mavi vianguke. Pande tatu zimefungwa. Hewa inaingia juu, karibu na paa, ili ipite juu ya kichwa cha sungura bila kumupiga mwilini, kwa sababu upepo wa moja kwa moja na unyevu vinamudhuru sawa vile moshi. Ndani, kona moja yenye majani makavu ya kulalia. Mulango uko na kufuli, na mutu akiugusa usiku, wenye kulala ndani wanasikia. Wengine wanatumia kibanda chepesi chenye mikono miwili: muchana inje, usiku ndani ya chumba chenye hakina moto. Inafaa pia, mradi kisafishwe kila asubuhi.

Ukitaka kujua kama hewa njo sababu, muhamishe sungura siku 10 mu hewa safi, lakini usibadilishe chakula. Kama kamasi ilikuwa ya maji tu na chafya inapungua, umepata jibu. Kama kamasi ni nzito, anakataa chakula, ao mbavu zinapanda na kushuka mbio, usingoje hata siku moja, tafuta veterinere. Sungura mwenye kupumzika anapumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika moja. Hesabu na saa ya telefone, kisha kumuacha atulie. Kichwa chenye kulala upande moja kinaweza kuonyesha kwamba mikrobe imefika mu sikio. Na kama ni jicho moja tu lenye kutoa machozi, na mate yanalowesha kidevu, fungua midomo uangalie meno: pengine yamekuwa marefu, na hiyo haiko mafua.

Dawa zenye kuua sungura

Hapa tumepoteza wanyama wengi. Mutu anachukua kapsule ya amoksisilini ao ampisilini yenye ilibaki kwa mutoto, anaifungua ndani ya maji ya sungura. Ile dawa ikipita kwa kinywa inaua mikrobe nzuri za tumbo, zenye sungura anazihitaji ili asage majani. Anaanza kuhara, na mara nyingi kisha siku chache amekufa, na watu wanasema mafua njo ilimuua. Penisilini kwa kinywa, hapana. Linkomisini na klindamisini, hapana. Veterinere anaweza kuchagua dawa zingine zenye sungura anavumilia, kama sulfa pamoja na trimetoprimu, kufuatana na uzito, na siku zote zenye ameandika zimalizike hata kama chafya imekatika siku ya pili. Umuulize pia siku ngapi kungoja mbele ya kula ile nyama.

Wewe mwenyewe unaweza kupangusa pua na kitambaa safi na maji ya vuguvugu yenye yalichemushwa, kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu lita. Pua ikifunguka anasikia tena harufu ya chakula, na matembele mabichi kidogo yanamurudisha kula. Mugonjwa muhudumie wa mwisho, kisha unawe mikono. Akikuparua ao kukuuma, osha kidonda na sabuni, kwa sababu ile mikrobe inaingia kwa mutu pia.

Sungura dume wa koperative

Nakuja kwenye neno lenye litafanya wengine wakasirike. Dume mumoja anazungukia wake wa nyumba 15. Kama anapiga chafya, anagawa mafua kwa nyumba 15. Nimeona komite inanyamaza kwa sababu ni dume mukubwa na alinunuliwa bei kali. Mimi nasema: atengwe siku ileile. Kama hewa nzuri na dawa yenye kumalizika havikumuponyesha, ao kama amerudilia mara mbili, atoke mu uzazi kabisa, hata kama watoto wake ni wanene. Muke mwenye kurudilia naye asizalishwe, juu atapatia watoto ile mikrobe. Anaweza kuchinjwa kama hayuko mu siku za dawa, na nyama ipikwe ikomae. Ukikuta usaha mu mapafu ao majipu chini ya ngozi, mwili wote uzikwe, hata imbwa asipewe. Kila muke mwenye kuletwa kwa dume aangaliwe pua na miguu ya mbele pale mulangoni. Sungura mupya mwenye kutoka sokoni akae peke yake wiki 3.

Yule binti alilia wakati tulisema sungura wake hatazaa tena. Mama akakata shauri abaki, bila dume, mbali na wengine. Nilipopita mwezi wenye ulifuata, chafya ilikuwa imepungua lakini haikuisha. Mara nyingi inarudi, aliniambia, siku za mvua wakati kuni ziko mbichi na upepo unaleta moshi upande wa kibanda. Tulihamisha kibanda metre 4, nyuma ya kona ya nyumba, na binti sasa anaandika kila chafya mu daftari lake la zamani la hesabu.