Neno Moja la Kiingereza, Maana Nyingi: "Interest"

Mkulima wa ndizi wa Mahoo, karibu na Taveta, akipokea barua mbili za Kiingereza, moja ya benki na nyingine ya mambo ya ardhi, huenda akaliona neno "interest" katika zote mbili. Akidhani kuwa maana ni ile ile, atakosea, na kosa hilo laweza kumpotezea fedha au haki yake.

Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni "kuwa kati". Basi, kila linapotumika, pana kitu kati ya mtu na jambo fulani. Ili kujua ni kitu gani, msomaji na atazame maneno yaliyo jirani.

1. Riba. "The interest on the loan is ten per cent a year": Riba ya mkopo huo ni asilimia kumi kwa mwaka. Aliyekopa shilingi 10,000, akilipa zote mwaka ukiisha, atatoa shilingi 11,000. Maana hii hufuatwa na "on".

2. Hamu. "He has an interest in farming": Anapenda kilimo.

3. Manufaa. "In the public interest": Kwa manufaa ya watu wote.

4. Haki. "She has an interest in this land": Ana haki katika shamba hili. Hapa ndipo penye hatari. Haki hiyo si lazima iwe ya kumiliki. Yaweza kuwa ya kupita au ya kupata maji. Sheria ya Kenya ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, huzitambua haki za njia na za maji zilizokuwapo shamba liliposajiliwa mara ya kwanza chini ya sheria hiyo, hata kama hazikuandikwa daftarini. Kwa hiyo anunuaye shamba na aulize kwanza kama mfereji upitao humo una wenyewe.

Tena, "I am interested in this land" ni kusema, "Nalitaka shamba hili", bali "I have an interest in this land" ni kusema, "Nina haki humo." Mwenye haki akitamka la kwanza katika ofisi ya ardhi, atadhaniwa kuwa ni mnunuzi tu.

Zoezi. Fasiri:
(a) It is in your interest to read before you sign.
(b) Who else has an interest in this plot?
(c) A judge must have no interest in the case.

Majibu:
(a) Ni kwa manufaa yako kusoma kabla ya kutia sahihi.
(b) Ni nani mwingine mwenye haki katika kiwanja hiki?
(c) Hakimu asiwe na faida yake mwenyewe katika kesi.